Jina la Kisukari na Hesabu ya Vijiko

Ni magonjwa machache yaliyobeba ndani ya majina yao kutoelewana kukubwa kama kisukari. Jina hilo linaeleza kilichoonekana kikitoka mwilini, wala halielezi kilichoingia. Matabibu wa India ya kale walibaini kwamba mkojo wa baadhi ya wagonjwa huvuta sisimizi, wakauita mkojo wa asali. Katika karne ya 17, daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa hao una utamu, na mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool aliuchemsha hadi ukakauka, akabakiwa na chenga nyeupe ambazo kwa ladha hazikutofautiana na sukari. Neno la Kilatini mellitus, linaloambatishwa na jina la kitaalamu la ugonjwa huu, lina maana ya kutiwa utamu wa asali. Kiswahili kimepita njia hiyohiyo. Kimeutaja ugonjwa kwa dalili yake, na watu wengi wakadhani kimeutaja kwa chanzo chake.

Dhana hiyo huzaa makosa mawili yanayopingana. La kwanza ni la yule anayeamini kwamba sukari iliyolambwa huenda moja kwa moja kujaa katika damu hadi ikafurika. Mtu huyo hujiona salama kwa kuwa yeye si mpenzi wa vitu vitamu, hata kama uzito wake umepanda na kiuno kimetanuka. Ni mtu huyohuyo anayemwambia mzazi wa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza kwamba alimzoesha mwanawe peremende. Maneno hayo ni dhuluma, kwa sababu katika aina ya kwanza kinga ya mwili wenyewe ndiyo inayoziangamiza seli za kongosho zinazotengeneza insulini, na hakuna peremende iliyohusika. Kosa la pili ni la yule aliyesikia, kwa haki, kwamba kisukari ni hitilafu ya insulini, akahitimisha kwamba sukari ya mezani haina hatia yoyote. Huyu huendelea na chai yake ya vijiko vinne kwa moyo mkunjufu.

Lipo na kosa la tatu, ambalo ni hatari kuliko yote mawili kwa sababu huua kwa saa chache badala ya miaka mingi. Nalo ni la mgonjwa anayeiogopa sukari hata pale ambapo sukari ndiyo dawa yake. Hilo litaelezwa mwishoni.

Safari ya kijiko kimoja

Sukari nyeupe ya dukani ni sukrosi, yaani molekuli mbili zilizoshikana: glukosi na fruktosi. Zikifika katika utumbo mwembamba hutenganishwa, na kila moja hushika njia yake.

Glukosi huingia katika damu na kusambaa mwili mzima. Kongosho huhisi ongezeko hilo na kutoa insulini, ambayo huziwezesha seli za misuli na mafuta kuipokea glukosi hiyo. Kwa mtu mwenye afya kazi hii hukamilika bila yeye kujua. Glukosi inayotokana na ugali, wali, muhogo au chapati hupita njia hiyohiyo, na hapa pana jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi mapema: anayeacha sukari kabisa kisha akala mlima wa ugali mweupe kwa mchuzi mwembamba hajaipunguzia kongosho mzigo kama anavyodhani.

Fruktosi ina tabia tofauti. Haichochei insulini kwa kiasi kikubwa, na sehemu kubwa yake huishia kwenye ini. Kiasi kidogo, kama kile kinachotokana na chungwa moja au kipande cha papai, hakilisumbui ini hata kidogo. Kikija kingi kwa mara moja, na kikija kila siku, ini hulazimika kukigeuza kuwa mafuta. Baadhi ya mafuta hayo hutumwa katika damu kama trigliseridi, na mengine hubaki palepale. Ndiyo maana madaktari hukutana na wagonjwa ambao hawajawahi kuonja pombe lakini picha ya ultrasaundi inaonyesha ini lililojaa mafuta kama la mlevi wa miaka mingi. Ini la namna hiyo huanza kuwa kaidi kwa insulini, likaendelea kumwaga glukosi katika damu hata pale lilipopaswa kunyamaza. Kongosho nalo hujibu kwa kutoa insulini zaidi, mwaka baada ya mwaka, hadi linapochoka. Fruktosi pia huongeza asidi ya yuriki, ambayo kwa baadhi ya watu hujikusanya katika viungo na kuleta maumivu makali ya jongo.

Kwa hiyo sukari nyingi husaidia kuleta kisukari cha aina ya pili kwa mlango wa nyuma. Hupitia uzito, ini na ukaidi wa insulini. Haiko peke yake katika kazi hiyo. Urithi wa familia, mafuta ya kukaangia, kukaa kitako kutwa nzima na usingizi haba vyote vina sehemu. Sukari, hata hivyo, ina sifa moja inayoipambanua: ndiyo inayoweza kunywewa.

Jambo hili la kunywa ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu akila machungwa manne mfululizo, nyuzinyuzi zitamjaza tumbo na pengine hatalimaliza la nne. Machungwa hayohayo yakikamuliwa, glasi itamalizika kwa mikupuo michache na njaa itabaki palepale. Mwili hauzihesabu vizuri kalori zinazoingia kama maji, na mlo unaofuata haupungui. Ndiyo sababu tafiti nyingi huonyesha uhusiano thabiti zaidi kati ya kisukari na vinywaji vyenye sukari kuliko kati ya kisukari na vyakula vitamu kwa ujumla. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliojumuisha tafiti kadhaa zilizofuatilia watu kwa miaka, ulionyesha kwamba wanaokunywa kinywaji cha namna hiyo mara moja au mbili kwa siku wana uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili unaozidi kwa takriban asilimia 26 ule wa wasiokunywa au wanaokunywa kwa nadra. Makisio mengine yaliyotolewa mwaka 2025 katika jarida la Nature Medicine yalihusisha vinywaji hivyo na zaidi ya visa 2 kati ya kila 10 vipya vya kisukari cha aina ya pili katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara.

Kutoka kijijini hadi leo

Tanzania ina kumbukumbu nzuri kuhusu ugonjwa huu, pengine nzuri kuliko wasomaji wengi wanavyodhani. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake, wakifanya kazi kutoka Muhimbili, walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya upimaji wa zaidi ya watu 6,000 katika vijiji sita. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia. Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa wa STEPS uliwapima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, wa mijini na wa vijijini, na kuwakuta takriban 9 katika kila mia.

Namba hizi mbili hazilingani moja kwa moja. Makundi ya umri ni tofauti, na vijiji sita si nchi nzima. Pamoja na tahadhari hiyo, hakuna anayefanya kazi katika kliniki za leo atakayeshangazwa na mwelekeo wake. Vijiji vya wakati ule vilikuwa na jembe, baiskeli, na chai iliyokuwa ikikosa sukari kila duka lilipokauka. Leo soda baridi hupatikana hata pale ambapo maji safi ya bomba hayajafika, na kijana anayeendesha bodaboda kutwa nzima huweza kukata kiu mara tatu kwa kinywaji cha kuongeza nguvu bila kuhesabu kwamba amekula chochote.

Mtu mwenye kiu isiyoisha, anayekojoa mara nyingi usiku, anayepungua uzito bila sababu au mwenye vidonda visivyopona hana budi kupimwa. Glukosi ya 7.0 mmol/L au zaidi kabla ya kula chochote asubuhi, au ya 11.1 na kuendelea wakati wowote kwa mtu mwenye dalili, ni kisukari. Lakini wengi wa aina ya pili hawana dalili yoyote kwa miaka, na ugonjwa hufanya kazi yake kimyakimya katika macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu.

“Kidogo tu, ya kwenye chai”

Ushauri wa “punguza sukari” umo katika kila kliniki na kila bango. Kasoro yake ni kwamba hauna kipimo. Mazungumzo yake aghalabu huwa hivi:

“Bibi, unatumia sukari nyingi?”

“Hapana, mwanangu. Kidogo tu, ya kwenye chai.”

Wote wawili wameagana kwa heshima, na hakuna aliyejifunza lolote. Mazungumzo yenye faida huanza mahali pengine:

“Bibi, chai unakunywa mara ngapi kwa siku?”

“Asubuhi, mwanangu, halafu saa nne. Jioni wakirudi watoto. Na usiku kidogo, nikisubiri usingizi.”

“Na sukari unatia vijiko vingapi?”

“Vitatu. Chai isiyo na sukari si chai, ni dawa.”

Vikombe vinne kwa vijiko vitatu ni vijiko 12. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua takriban gramu 4, kwa hiyo bibi huyu ametumia gramu 48 za sukari kabla ya kuhesabu andazi la asubuhi. Kijiko kilichojaa hadi kufanya kichuguu huchukua gramu 6 au zaidi, na hapo hesabu inapita 70.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unapendekeza kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nguvu yote inayopatikana katika chakula cha siku, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kuna faida zaidi. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, kiwango cha kwanza ni gramu 50, yaani vijiko 12 vya kusawazisha; cha pili ni gramu 25, yaani vijiko 6. Sukari huru ni ile yote inayotiwa na mpishi, mlaji au kiwanda, pamoja na ile iliyomo katika asali, shira na juisi ya matunda. Sukari iliyo ndani ya tunda zima na ile ya asili ya maziwa haihesabiwi humo.

Bibi wa vikombe vinne amefika kwenye kikomo cha juu kwa chai peke yake. Mjukuu wake aliyekunywa chupa moja ya soda ya kola ya mililita 350, yenye takriban gramu 37, ametumia vijiko 9 kwa dakika tano. Chupa ya plastiki ya nusu lita ina vijiko 13. Hakuna mama ambaye angemruhusu mwanawe kukaa sebuleni na bakuli la sukari akila vijiko 13, ingawa mama huyohuyo huinunua chupa hiyo kama zawadi ya kufaulu mtihani.

Katika nyumba nyingi swali la vijiko halijibiki, kwa sababu sukari hutiwa kwenye sufuria au kwenye chupa ya chai kabla kikombe hakijaguswa. Hapo mhudumu wa afya anaweza kutumia hesabu ya kilo. Aulize nyumba inanunua sukari kilo ngapi kwa juma, na wanaoitumia ni wangapi. Nyumba ya watu watano inayomaliza kilo 2 kwa juma inatumia wastani wa gramu 57 kwa kila mtu kwa siku, mtoto na mtu mzima. Ikimaliza kilo 1, wastani ni gramu 29. Aliye na nyumba ya namna hiyo na anataka kubaki ndani ya kikomo cha gramu 25 ajue kwamba mfuko wa kilo moja unapaswa kumfikisha siku nane. Hesabu hii haioni soda ya dukani wala kaimati za jirani, na huharibika pale mama wa nyumba anapopika maandazi ya kuuza. Lakini ina faida ambayo vipimo vya maabara havina. Kila mtu anajua bei ya sukari, na anajua lini mfuko ulinunuliwa.

Kupunguza kwa ghafla huwashinda wengi. Mtu anayeacha vijiko vitatu leo huvirudia kesho kutwa kwa hasira. Anayetoa nusu kijiko kila baada ya juma moja au mawili huupa ulimi nafasi ya kuzoea, na baada ya miezi michache chai yake ya zamani humchefua. Tangawizi, iliki, mdalasini na mchaichai husaidia sana katika kipindi hicho, kwa kuwa harufu yake huziba pengo la utamu. (Mdalasini si dawa ya kisukari, licha ya yanayouzwa sokoni, hapa kazi yake ni harufu tu.) Ukanda wa pwani una mfano wake wa siku nyingi: kahawa chungu ya barazani, inayonywewa katika kikombe kidogo bila sukari, na kashata au kipande cha halua pembeni. Utamu wa kashata si mdogo, lakini mlaji anauona, anaushika mkononi na anajua umekwisha. Ule wa ndani ya chupa ya chai hauonekani.

Asali, sukari guru na vitamu vya bandia

Swali linaloulizwa kuliko yote katika kliniki ni kama asali inaweza kuchukua nafasi ya sukari. Takriban asilimia 80 ya uzito wa asali ni sukari, hasa fruktosi na glukosi, na kijiko cha asali ni kizito kuliko kijiko cha sukari. Kwa hiyo kijiko kimoja cha asali kina takriban gramu 6 za sukari dhidi ya 4. Asali ni chakula kizuri chenye heshima yake, lakini ini haliulizi kama fruktosi imetoka kwa nyuki au Kilombero. Sukari guru na sukari ya kahawia zina chembe kidogo za madini ambazo hazitoshi kubadilisha lolote. Maziwa mazito ya kopo yaliyotiwa sukari, yanayopendwa katika chai na uji, yana sukari zaidi ya nusu ya uzito wake.

Kuhusu vitamu vya bandia, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa havikuonyesha faida ya muda mrefu. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Kwao kidonge cha kutia utamu katika chai kinaweza kuwa daraja la muda.

Meno hayasubiri miaka

Athari za sukari katika kongosho na ini huchukua muda mrefu. Katika meno huchukua miezi. Bakteria wa kinywani, hasa Streptococcus mutans, hula sukari na kutoa asidi. Uchachu wa kinywa ukishuka chini ya kipimo cha pH 5.5, enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini yake. Mate huirekebisha hali hiyo, lakini huhitaji nusu saa au zaidi. Anayekunywa chai yenye sukari mara moja pamoja na mlo huyapa mate muda wa kufanya kazi. Anayeonja soda kila baada ya dakika 20 mchana kutwa huwa ameyanyima.

Ukweli huu ulithibitishwa kwa njia ambayo leo hakuna kamati ya maadili ingeiruhusu. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakazi wa hospitali ya Vipeholm nchini Sweden, watu wenye ulemavu wa akili ambao hawakuombwa ridhaa, walipewa sukari kwa namna mbalimbali ili meno yao yachunguzwe. Waliopewa sukari wakati wa mlo hawakuoza meno sana. Waliopewa tofi za kunata kati ya mlo na mlo waliharibikiwa vibaya. Maarifa hayo yalipatikana kwa gharama yao, na yanafaa kutumiwa: mtoto akipewa kitu kitamu, kitolewe pamoja na chakula, na chupa ya uji au juisi isilale naye kitandani.

Siku elfu moja za mwanzo

Uingereza ilikuwa na mgao wa sukari wakati wa Vita Kuu ya Pili na miaka kadhaa baadaye. Mgao huo ulipoondolewa Septemba 1953, matumizi ya mtu mzima yalipanda kwa muda mfupi kutoka takriban gramu 40 kwa siku hadi karibu 80. Watafiti waliwalinganisha watu walioishi siku zao elfu moja za mwanzo, tangu kutungwa mimba hadi umri wa miaka miwili, chini ya mgao huo, na wale waliozaliwa punde baada ya kuondolewa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2024. Miongo kadhaa baadaye, kundi la mgao lilikuwa na uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili uliopungua kwa takriban asilimia 35, na wa shinikizo la damu kwa takriban asilimia 20. Waliougua hata hivyo walichelewa kuugua: kwa kisukari, takriban miaka minne.

Inafaa kuzingatiwa kwamba gramu 40 za mgao wa vita, ambazo Waingereza waliziona kuwa dhiki, ni vijiko 10. Bibi wa vikombe vinne anazipita. Na katika nyumba za Afrika Mashariki uji wa mtoto wa miezi saba hutiwa sukari kwa sababu mama ameuonja na kuuona hauna ladha. Mtoto huyo hajawahi kuonja mwingine. Uji wenye ndizi mbivu iliyopondwa, maziwa au karanga humtosha, na sukari anaweza kusubiri kuifahamu baada ya kutimiza miaka miwili.

Pale sukari inapokuwa dawa

Hofu ya sukari ina mipaka yake, na wahudumu wa afya ndio wanaopaswa kuichora.

Mgonjwa wa kisukari anayeharisha anaweza kunywa ORS. Lita moja ya mchanganyiko huo ina gramu 13.5 za glukosi, na glukosi hiyo imewekwa kwa makusudi, kwa kuwa bila yake utumbo haufyonzi chumvi na maji ipasavyo. Soda, ambayo lita yake ina gramu zaidi ya 100, haiwezi kuwa mbadala. Wingi wa sukari yake huvuta maji kuingia utumboni na kuzidisha kuhara, kwa mtoto na kwa mtu mzima, mwenye kisukari na asiye nacho.

La pili ni kushuka kwa sukari. Mgonjwa anayetumia insulini, au vidonge vya jamii ya glibenklamidi, anaweza kushukiwa na glukosi chini ya 3.9 mmol/L akichelewa kula, akifanya kazi nzito kuliko kawaida au akikosea kipimo cha dawa. Jasho la baridi, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, maneno yasiyoeleweka na ukali usio wa kawaida yake ndizo dalili. Jamaa wasiojua hudhani amelewa au amepagawa. Na mgonjwa mwenyewe, aliyeambiwa kwa miaka mitano kwamba sukari ni sumu yake, huikataa pale anapopewa.

Ampatie mtu yeyote aliye karibu gramu 15 za sukari: vijiko vinne vya chai vilivyokorogwa katika maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida, isiyo ile ya kupunguza sukari. Apimwe tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, apewe kiasi kilekile, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu kwa nguvu, kwa kuwa kitaingia mapafuni. Alazwe kwa ubavu na akimbizwe kituo cha afya kupewa glukosi kwa mshipa. Kwa waliotumia glibenklamidi, hasa wazee na wenye figo dhaifu, hali hiyo inaweza kurudi saa kadhaa baadaye, na hawafai kurudishwa nyumbani mara tu wanapofumbua macho.

Mwezi wa Ramadhani hukutanisha hatari zote mbili katika siku moja: glukosi hushuka alasiri, kisha hupaa usiku kwa juisi ya ukwaju, kaimati zilizozamishwa katika shira na tambi za sukari. Anayetumia dawa hizo amwone daktari majuma kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili vipimo na nyakati za dawa vipangwe upya, au ashauriwe kutumia ruhusa ambayo sheria ya dini imempa mgonjwa. Akifunga na kipimo kikashuka chini ya 3.9 saa tisa alasiri, afungue hapohapo. Futari ianze kwa maji na tende moja au mbili, chakula kifuate, na juisi iachwe kwa wageni.

Nyumbani kwa mgonjwa anayetumia insulini pawe na vijiko vinne vya sukari vilivyofungwa katika karatasi, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu anapajua. Karatasi nyingine ya namna hiyo ikae mfukoni mwake anaposafiri, anapokwenda shambani na anapolala ugenini.